Shimo Lisiloingiwa na Chuma

Sumaku ninayoizungumzia ilitoka kwenye spika ya redio iliyokufa. Ilikuwa ya duara, nyeusi, nzito kuliko umbo lake, na ilikuwa na ufa upande mmoja kwa sababu mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliiangusha sakafuni siku ya kwanza tu nilipoingia nayo darasani. Nilimfokea mpaka akalia. Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya Kibaha, mwanamke pekee kati ya walimu wa sayansi, na hasira zangu zilikuwa za karibu. Vifaa havikuwepo. Tulihimizwa kujitegemea, nasi tukajitegemea kwa misumari, betri zilizokwisha na makopo ya maziwa. Hiyo sumaku ndiyo iliyokuwa nusu ya maabara yangu. Nilitembea nayo kwenye mkoba, imefungwa leso, maana bila leso ilinasa funguo na pini zangu zote za nywele.

Nayasema haya mapema ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani. Kila nilichokutana nacho nilikigusisha sumaku. Kokoto za barabarani Kongowe nilikoishi, mchanga wa mtoni, hata meno ya bandia ya mwalimu mwenzangu alipoyaacha kwenye glasi. Niliamini kwamba kitu ambacho sumaku imekijibu kimeshajieleza chote.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu. Aliyenilea ni dada yake, mama mkubwa wangu, na tangu siku za matanga yale nilimwita Mama tu, bila kuongeza neno. Aliishi Masaki, Kisarawe, na alikuwa mfinyanzi. Wanawake wengine walilima muhogo na kuokota korosho, wakafinyanga kidogo wakati wa kiangazi. Yeye alifinyanga kwanza, akalima akipata nafasi. Mungu alimjalia watoto watatu, wote wa kiume, na kufinyanga kwetu ni kazi ya wanawake. Kwa hiyo alinitazama mimi. Kila likizo aliniomba nikae naye msimu mzima, tuchimbe pamoja, tufinyange pamoja, tuchome pamoja, kwa sababu kazi ile haielezeki kwa maneno. Kila likizo nilikuwa na sababu. Mara mitihani, mara chuo, mara kazi.

"Likizo ijayo, Mama."

"Haya," alikuwa akinijibu. "Ngoja niiambie mikono yangu isubiri."

Udongo wake aliuchimba kwenye shimo lililokuwa bondeni, karibu na nyumba ya zamani ya bibi yangu. Shimo lile lilikuwa na masharti. Huingii na viatu. Huingii ukiwa umegombana na mtu hamjapatana. Na huingii na chuma: si jembe, si panga, si kisu, hata pete unaivua ukaiacha juu kwenye majani. Unachimba kwa muo, yaani mti mgumu uliochongwa ncha. Unapiga magoti, unataja jina la Mungu, unachokonoa kidogo kidogo na kuukusanya udongo kwa viganja. Bibi alichimba hivyo, na mama yake bibi kabla yake. Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini, nikajibiwa kwamba shimo halipendi chuma. Jibu hilo lilinitosha mpaka nilipokwenda shule. Baada ya hapo likaanza kunikera.

Katikati ya miaka ya sabini watu walihamishiwa vijijini, na Mama akahama na wenzake. Nyumba yake mpya ilikuwa kando ya barabara, imepangwa mstari mmoja na nyingine, na shimo likabaki nyuma, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Hilo hakulilalamikia sana. Lililomnyima raha ni kwamba kijijini kila mtu mzima alipangiwa kazi, na wanawake wengi walipangiwa shamba la muhogo la kijiji, asubuhi hadi mchana, karibu wiki nzima. Mama alimfuata mwenyekiti akamweleza kwamba yeye kazi yake ni vyungu. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kamati inaweza kuukubali ufinyanzi uwe mradi wa kijiji, yeye apewe wanawake wanne awafundishe, lakini kwanza waone. Alete mitungi ishirini ya maji kwa ajili ya shule, zahanati na duka la ushirika, kabla mvua hazijaanza. Ikiwa mizuri, ataachwa na udongo wake. Isipokuwa mizuri, atakwenda shambani kama wengine.

Nilimkuta na habari hizo nilipokwenda kumsalimia likizo fupi ya Septemba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, na nikajua pana jambo. Mama alikuwa mtu wa kuitikia mpaka jirani wa tatu asikie.

"Mitungi ishirini, kwa muda gani?" nilimuuliza baada ya kunieleza.

"Mwezi na siku kidogo. Kuchimba tu kutanila nusu yake. Na sasa kuna kutembea pia."

"Wanao wakusaidie kubeba."

"Kubeba watabeba. Kuchimba hawachimbi, wanaume." Alikuwa anasugua kiganja kimoja kwa kidole gumba cha mkono mwingine. "Nikipelekwa shambani, mwanangu, mikono itakuwa ya jembe. Mkono ukishazoea mpini hausikii tena udongo. Nimewaona wenzangu."

Alikuwa anaogopa, na mimi sikuwahi kumwona akiogopa. Nilitamani kumsaidia. Nataka hilo liandikwe pia, kwamba nilitamani kwa moyo wote kumsaidia.

Siku iliyofuata, mchana, nilikaa uani nikachezea vigae vya vyungu vilivyovunjika wakati wa kuhama. Vilikuwa vya aina mbili. Vyungu vyekundu Mama aliviacha motoni mpaka moto ukajifia wenyewe. Vyungu vyeusi alivifunika vikiwa bado vyekundu kwa moto: akavitupia majani mabichi na maganda ya korosho, akaviziba kwa majivu, vikalala ndani ya moshi bila kupata hewa. Udongo ulikuwa ule ule, wa shimo lile lile. Nikatoa sumaku, nikaifunga uzi, nikaining'iniza kwenye tawi la mkorosho. Nilisogeza kigae chekundu, haikutikisika. Nikasogeza cheusi, ikakifuata.

Nilidhani ni upepo. Nikarudia. Nikamwomba Mama asimame upande unaotoka upepo na kanga yake ameitandaza, naye akasimama kama mtu anayewafukuza kuku, anacheka. Sumaku ilikifuata kigae cheusi kila mara na chekundu haikukijali hata mara moja.

"Haya, sumaku yako imekwambia nini?" aliniuliza.

Ilikuwa imeniambia mengi. Udongo ule ulikuwa na kutu ya chuma ndani yake, ndiyo maana ukichomwa huwa mwekundu. Moshi, kwa kuunyima hewa, uliigeuza kutu ile ikawa chuma cha aina nyingine, ile aina nyeusi inayoitikia sumaku. Nilisaga kigae kimoja kwenye kinu nikijaribu kuzitenganisha chembe za chuma hicho na udongo, na sikuweza. Sumaku iliinua unga wote kwa pamoja. Chembe zilikuwa ndogo mno, kila moja imejifungia kwenye kitundu chake ndani ya udongo, vile vitundu vinavyoufanya mtungi utoe jasho na maji yake yawe baridi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshastaafu, nilisoma katika jarida moja kwamba wako wataalamu wanaofanya jambo la jamaa hiyo kwa makusudi. Wanachukua fuwele zenye vitundu vidogo visivyoonekana, wanaingiza ndani ya kila kitundu chembe chache tu za metali, na metali ambayo ikiwa bonge haina habari na sumaku, ikifungiwa humo inapata usumaku. Wengine wote wangeisoma habari ile kwa furaha. Mimi niliiweka chini na kuvua miwani. Nilikuwa nimekumbuka uani kwa Mama, na jinsi nilivyojiona nimefika.

Maana sikuishia kwenye kigae. Nilimgeukia Mama nikamwambia, "Unaona? Chuma kimo."

"Kimo wapi?"

"Ndani ya udongo. Ndani ya chungu. Tangu enzi za bibi mnasema shimo halipendi chuma, kumbe shimo lenyewe limejaa chuma. Mnakivua mkononi mnakwenda kukichimba."

Alikichukua kigae akakigeuza. Alikisogeza mwenyewe karibu na sumaku, akaona ikija.

"Basi lile sharti?"

"Lile sharti ni maneno ya watu ambao hawakuwa na sumaku." Nililisema hivyo hivyo, kwa sauti ya darasani. "Mama, mwezi mmoja huu hautoshi kwa muo. Nitakuletea sepetu ya bustani ya shule. Siku mbili tutakuwa na udongo wote."

Alikiweka kigae chini, akanitazama. Nilidhani anapima hoja yangu. Siku hizi nadhani alikuwa ananipima mimi: mtoto aliyemlea, amesoma mpaka chuo, kwa mara ya kwanza anasema atakuja shimoni kuchimba naye. Miaka yote aliniomba, na sasa nilikuwa nakuja, ila nakuja na sepetu.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema mwisho. "Na mimi nimechoka kuhesabu siku."

Nilirudi Kibaha, nikaazima sepetu kwa mtunza bustani, nikapanda nayo basi mpaka Dar, kisha la Kisarawe, kisha lori la muhogo mpaka Masaki, watu wananitazama juu chini kwa sababu ya gauni langu la ofisini na ile sepetu. Tulikwenda bondeni asubuhi. Mama alivua viatu na pete. Mimi nilivua viatu. Alitaja jina la Mungu kwa niaba yetu wote wawili, akakaa kando, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kufanya pale shimoni.

Kazi ilikwenda haraka mno. Muo hufika mahali fulani ukagoma, kwa sababu udongo wa chini ni mgumu, na hapo wanawake wa kwetu walihama pembeni wakaanza upya. Sepetu haikugoma. Nilisimama juu yake kwa mguu mmoja nikashuka chini kuliko alivyowahi kushuka mtu, nikatoa mabonge makubwa ya udongo wa kijivu, mzito, unaong'aa pale chuma kilipoukata. Nilifurahi kama mtu aliyekuta hazina. Mama alichukua bonge akalivunja. Ndani mlikuwa na vijiwe vyeupe, vidogo kama punje za mchele uliokatika.

"Hivi ni nini?"

"Mchanga tu."

"Mchanga wa shimo hili naujua. Huu siujui."

Basi nikafanya nilichokuwa nakifanya siku zote. Nilitoa sumaku, nikaipitisha juu ya vijiwe vile kwenye kiganja chake. Hakuna kilichotikisika.

"Umeona? Sumaku haivioni," nilimwambia. "Havina kitu."

Akavitazama kidogo, akavipukuta, akajifuta kwenye kanga. Hakubisha. Alikuwa ameamua kuniamini, na akishaamua jambo alikuwa halirudii.

Sitaeleza sana kufinyanga kwake. Nilikaa siku nne tu, kisha nikarudi kufundisha, na katika siku hizo nne nilijifunza kukanda na kusugua kwa gunzi la mahindi, basi. Nilikuja tena siku ya kuchoma. Alikuwa ametengeneza mitungi ishirini na mmoja, na aliichoma yote mieusi, kwa heshima ya kamati. Ulitoka mmoja una ufa, jambo la kawaida. Ishirini ilitoka mizima, inang'aa. Mwenyekiti na wajumbe wake walikuja, wakaigonga kwa vifundo vya vidole mmoja mmoja wakisikiliza inavyolia, na kila mmoja ulilia vizuri. Mjumbe mmoja mwanamke aliuliza mafunzo yataanza lini. Mama alimjibu kwamba wakija hata kesho atawapokea. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba wangu, na mwenyekiti aliposhukuru aliongeza kwamba mwalimu naye apewe heko, kwa kuleta elimu nyumbani. Mama alinitazama kwa uso ambao sijauona tena. Alikuwa anajivunia mimi kuliko mitungi.

Barua ilinifikia Kibaha baada ya siku kumi hivi. Iliandikwa na mwana wa pili wa Mama, kwa haraka. Mitungi inapasuka yenyewe, aliandika. Haijaguswa na mtu. Imekaa tu kwenye stoo ya duka, na tangu mawingu ya mvua yaanze, vipande vinaruka, kwanza vidogo kama kucha, kisha vikubwa. Ule mmoja uliokwisha kupelekwa zahanati ulimwaga maji yote juu ya godoro. Mama hali chakula vizuri.

Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama kwenye chumba cha maabara. Sepetu ilikuwa pembeni, sijairudisha kwa mtunza bustani, na shingoni mwake palikuwa na udongo wa kijivu uliokauka. Niliubandua. Nilitoa kijiwe kimoja cheupe, nikakiweka kwenye sahani ya kioo. Tulikuwa na chupa moja ya asidi, ya kemia, iliyofungiwa kabatini, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Nilidondosha tone moja. Kijiwe kilitoa povu, kikachemka mpaka kikaisha.

Chokaa. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu angeniambia. Jiwe la chokaa likichomwa huwa kavu lenye kiu. Likipata unyevu, hata wa hewa tu, linakunywa na kuvimba, na ukuta wa mtungi uliolizunguka hauna pa kukimbilia. Kwa hiyo unaruka. Udongo wa juu, ule uliofikiwa na muo, mvua za miaka na miaka zilikuwa zimekwisha kuuosha chokaa yake yote ikateremka chini. Hapo muo ulipogoma ndipo udongo mzuri ulipokomea. Yule wa kwanza aliyekataza chuma shimoni hakuwa na sumaku, ni kweli. Alikuwa na mitungi iliyopasuka.

Na sumaku yangu ilikuwa haina kosa. Niliiuliza kama pana chuma, ikajibu hapana. Mimi ndiye niliyelifanya jibu hilo liwe jibu la kila swali.

Niliiosha sahani. Nakumbuka niliiosha mara mbili. Niliamua kwenda Masaki Jumamosi ile, nimweleze Mama, kisha twende wote kwa mwenyekiti nimweleze na yeye, kwamba kosa ni la sepetu, kwamba wampe mwezi mwingine achimbe kwa muo wake. Jumamosi ile nilipangiwa kusimamia mtihani. Ningeweza kubadilishana zamu na mwenzangu. Sikumwomba. Jumamosi ya pili mvua ilikuwa kubwa, nikaishukuru.

Nilipokwenda ilikuwa imepita zaidi ya mwezi. Nilimkuta ndiyo anarudi kutoka shamba la kijiji, jembe begani, matope mpaka magotini. Nilimwamkia. Aliitikia vizuri, akaniuliza habari za Kibaha, akaniwekea maji ya kuoga. Ndipo akanieleza, bila mimi kuuliza, kwamba kamati ilimwita, na yeye akawaambia mikono yake imekosea. Amezeeka, hajui tena kuukanda udongo. Wakampa pole, wakampangia kazi. Mjumbe yule mwanamke alilia kidogo.

Hapo ndipo mahali pake. Kama kuna sehemu moja ya maisha yangu ningepewa niirudie, ni ile robo saa, uani, maji yanapoa kwenye ndoo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akapita jirani, mama wa makamo, akanisalimu kwa heshima, "Mwalimu, karibu nyumbani," akamwambia binti aliyekuwa naye anitazame vizuri, hivi ndivyo mtoto wa kike anavyokuwa akisoma. Binti akanitazama. Jirani akapita. Na mimi nikasema, "Pole, Mama."

Niliona aibu, nikaogopa, nikapiga kimya. Nimejaribu kutafuta namna ya kulisema iliyo nzuri zaidi na sijaipata. Nilikuwa mwanamke mmoja kati ya wanaume sita katika chumba cha walimu wa sayansi, na wote walikuwa wanasubiri siku nitakayokosea. Lakini Mama hakuwa mmoja wao. Hata hilo nililijua pale pale.

Miaka ikaenda. Nilimtembelea kila likizo, nikampelekea sukari, sabuni na kanga. Sikumpelekea kile nilichokuwa nacho. Naye kila mara, tukishamaliza kula, aliniuliza kwa utani ule ule wa siku ya mkorosho, "Na sumaku yako, imekwambia nini siku hizi?" Nilidhani ananitania tu. Nilimjibu kwa kifupi nikageuza mazungumzo: bei ya korosho, homa ya mtoto wangu, mwalimu mpya aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbwawa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini bidhaa ziliadimika madukani, na sufuria zikawa za kutafutwa kwa taa. Mimi mwenyewe kule Kongowe nilipikia sufuria moja iliyozibwa kwa sabuni. Ghafla kila mtu alitaka chungu. Mwenyekiti alikwenda kwa Mama, safari hii kwa kumbembeleza, aanzishe tena. Mama alimwonyesha mikono. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye umbo la mpini, havifunguki vyote. Aliniambia habari hiyo akicheka, nami nikacheka naye. Nilipofika kwangu nilishindwa kula.

Alifariki miaka tisa baada ya ile mitungi. Nilifika Masaki akiwa ameshazikwa, kwa kuwa lori lilikwama njiani. Baada ya hitima, wageni walipoanza kupungua, mke wa mwanawe wa pili aliniita chumbani. Yeye ndiye aliyeishi na Mama muda wote huo, na ndiye aliyemuuguza. Alitoa chini ya kitanda kitu kilichofungwa kwenye kanga kuukuu, akanipa.

"Aliniambia hiki ni chako. Nikupe wewe, si mwingine."

Kilikuwa kichungu kidogo, cha kuenea kiganjani, cheusi, kizima, hakina hata mchubuko.

"Alikifinyanga lini?" Nilidhani atasema zamani, kabla ya kijiji.

"Wiki ile ile mitungi ilipoanza kupasuka. Aliokota vipande akavitazama vyote. Kila kimoja katikati kina kidoa cheupe. Kesho yake akaenda bondeni na muo wake, peke yake, akachimba juu juu pale pa zamani. Akakifinyanga hicho, akakianika jikoni, akakichoma kwa maganda. Akakiweka nje penye unyevu, wiki nzima anakitazama. Hakikupasuka."

Nilikaa kitandani.

"Nikamwambia, mama, kipeleke kwenye kamati wakione. Akasema, nikikipeleka wataniuliza kwa nini ile ilipasuka na hiki hakikupasuka, na hapo itabidi nimtaje mtu. Akasema niache kwanza. Mtu huyo atakuja kuniambia mwenyewe."

Mke wa mwanawe alisema hayo bila ukali wowote. Nadhani hakujua ni nani aliyekuwa anasubiriwa. Au alijua. Sikumuuliza.

Sumaku ilikuwa kwenye mkoba, kama kawaida. Sikuitoa pale. Niliitoa nyumbani, Kongowe, nikaifunga uzi, nikakisogeza kichungu taratibu. Ilikuja mara moja. Chembe zimo, kila moja kwenye kitundu chake, pale alipozifungia kwa moshi, na hazijapoteza nguvu. Bado ninacho. Nakijaribu mara moja moja, ingawa najua jibu lake.

Miaka tisa alikuwa ananifungulia mlango. Kila likizo, baada ya kula, anafuta mikono ile kwenye kanga, ananitazama, ananiuliza kwa upole sumaku yangu imeniambia nini siku hizi. Na kila likizo nilimjibu yale yale.

"Hakuna jipya, Mama."